Anga Lisilokaririka: Barua ya Wazi kwa Watengenezaji wa Michezo ya Ndege za Kivita

Kwa wakurugenzi wa studio, wabunifu wa kampeni na waandishi wa programu wanaotengeneza simuleta za ndege za kivita.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mmoja wa wachezaji wenu wa miaka mingi, mtu aliyekesha mara nyingi mbele ya kompyuta, mkono wa kulia ukiwa kwenye fimbo ya kuongozea ndege na wa kushoto kwenye kishikio cha kupandisha na kushusha nguvu ya injini. Naanza kwa shukrani, na shukrani zenyewe ni za dhati. Mmetujengea vyumba vya rubani ambamo kila swichi ina kazi yake; mmetufundisha kuwasha injini kwa kufuata hatua zilezile anazozifuata rubani halisi; mawingu yenu sasa yana kina na kivuli, na ndege inayopungukiwa na kasi hutetemeka kwanza kabla ya kuporomoka, kama inavyopasa. Kuhusu mashine sina la kudai zaidi. Ombi langu linahusu anga lililoizunguka mashine hiyo, kwa sababu anga hilo, katika michezo mingi, tunaweza kulikariri.

Niruhusuni nieleze jambo moja lililonitokea. Kuna misheni niliyoirudia mara nyingi, ambamo ndege inatakiwa kufuata bonde, kuvuka mto, kisha kwenda kulipua daraja. Usiku mmoja, nilipovuka mto ule, nilijikuta nahesabu kimoyomoyo. Nilipofika saba, ndege mbili za adui zikachomoza juu ya kilima cha kushoto, kama zilivyochomoza jana yake na juzi yake, kwa mpangilio uleule na kwa kimo kilekile. Nilikuwa nimeshageuza pua ya ndege kuzielekea kabla hazijaonekana. Niliziangusha zote mbili, nikalipua daraja, nikarudi kutua, na mapigo ya moyo wangu hayakubadilika hata kidogo. Marubani wale wawili hawakuwa wanaruka kutoka popote kwenda popote. Walizaliwa pale kilimani nilipovuka mstari usioonekana, na wangeishi sekunde tisini tu.

Tangu usiku huo nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa kinachokosekana, na jibu nililolipata ni hili: kinachokosekana ni kutojua. Erich Hartmann, rubani wa Ujerumani aliyehesabiwa ushindi 352 katika Vita vya Pili vya Dunia, alishikilia kwamba wengi wa aliowaangusha hawakumwona kabla hajafyatua risasi. Tukiichukulia kauli hiyo kwa uzito unaostahili, tunaona kwamba mapambano ya kuzungushana angani, ambayo michezo yetu imeyafanya kuwa kiini cha kila kitu, yalikuwa sehemu ndogo tu ya vita vya angani. Sehemu kubwa ilikuwa kutafuta, kukisia, kudanganywa, na kugundua umechelewa. Kwenye kioo cha kompyuta yangu, hata hivyo, rada inanipa ukweli mtupu, sauti ya mwongozaji wa ardhini inanitajia umbali na kimo cha adui bila kusita wala kukosea, na marubani wenzangu wa kompyuta wanamtambua adui kwa jina la ndege yake akiwa bado nukta isiyo na umbo.

Tazameni jinsi mambo yalivyokuwa kweli. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kutangaza vita, kengele ya hatari ilipigwa kwa makosa mashariki ya London. Ndege za kivita za Uingereza aina ya Hurricane zilirushwa kwenda kumkabili adui ambaye hakuwapo. Zenyewe zikaonekana kuwa ndilo kundi la adui. Na Spitfire, ndege nyingine za kivita za Uingereza, zilizorushwa kuzizuia zikaziangusha mbili. Rubani mmoja alikufa, akawa rubani wa kwanza wa ndege za kivita za Uingereza kupoteza maisha katika vita vile, na aliuawa na wenzake. Tukio hilo lilikuja kuitwa Vita vya Barking Creek. Hakuna aliyekuwa mjinga asubuhi ile. Kila mmoja alifanya lililokuwa sahihi kwa habari alizokuwa nazo, na habari zenyewe ndizo zilizokuwa mbovu.

Mwaka uliofuata mfumo wa Uingereza wa kulinda anga, ulioasisiwa na Hugh Dowding, kamanda wa ndege zake za kivita, ulikuwa umeboreshwa sana, na hapa naomba mtulie nami kidogo, kwa sababu nadhani ndani yake mna mchezo mzima ambao bado haujatengenezwa ipasavyo. Vituo vya rada viliona dalili ya ndege baharini na kupiga simu. Chumba cha kuchuja habari kililinganisha taarifa zinazogongana. Kisha wasichana waliosimama kuzunguka ramani kubwa ya mezani wakasogeza vibao vidogo kwa fimbo ndefu. Vibao hivyo vilikuwa na rangi nyekundu, njano au samawati kulingana na dakika tano za saa ya ukutani ambamo taarifa iliingia, ili anayeitazama ramani ajue habari hiyo ina umri gani. Ina maana kwamba ofisa aliyekuwa akimwambia rubani kwa redio, “adui yuko mbele yako”, alikuwa akimweleza mahali adui alipokuwa dakika kadhaa zilizopita. Kuhusu kimo na idadi, mara nyingi alikuwa akikisia tu. Nipeni mwongozaji wa namna hiyo: anayechoka, anayelemewa makundi matano yanapoingia kwa pamoja, anayesema “zaidi ya thelathini” halafu nikakuta ndege sita, au anayesema “sita” nikakuta anga limejaa. Mkifanya hivyo, mtakuwa mmenirudishia shingo yangu, kwa maana nitaanza tena kugeuka na kutazama nyuma, jambo ambalo mwongozaji asiyekosea ameniachisha.

Kutojua huko kusiishie hewani. Jioni ya tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaza kwamba wameangusha ndege 185 za Ujerumani. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kuwa ndege zilizopotea zilikuwa zipatazo 60. Marubani hawakuwa waongo. Watu watatu waliipiga ndege ileile wakiwa katika pembe tofauti, kila mmoja akaona moshi, na kila mmoja akalazimika kukwepa kabla ya kuona mwisho wake. Leo ninapotua, mchezo unaniwekea jedwali linaloniambia nilimwangusha nani, saa ngapi, na kwa risasi ngapi. Ningependa badala yake niketi mbele ya ofisa wa upelelezi wa kikosi, niulizwe maswali, nieleze nilichokiona, rubani mwenzangu aeleze alichokiona yeye, filamu ya kamera ya bunduki ionyeshe sekunde nne zenye ukungu, na mwishowe niandikiwe “huenda”. Halafu, wiki tatu baadaye katika kampeni ileile, majeshi ya nchi kavu yasonge mbele na kukuta mabaki ya ndege msituni, na jina langu libadilishwe kwenye daftari. Mshangao wa aina hiyo hauhitaji kadi mpya ya picha. Unahitaji programu inayojua ukweli lakini inayokubali kuuficha.

Sasa niseme juu ya adui, maana hapa ndipo panaponiuma zaidi. Adui tunayekutana naye hana mafuta ya kuhesabu, hana siku mbaya, hana kamanda wa kumwogopa wala nyumbani pa kurudi. Anapigana mpaka anakufa, hata akiwa peke yake dhidi ya wanne na injini inawaka moto. Lakini historia ya urukaji imejaa watu walioamua vinginevyo. Tarehe 20 Desemba 1943, ndege ya mabomu ya Marekani aina ya B-17 iliyokuwa ikiongozwa na Charlie Brown ilikuwa ikijikokota kutoka Bremen, Ujerumani, imetobolewa kila upande na ina majeruhi ndani. Rubani wa Ujerumani, Franz Stigler, aliifikia akiwa na uwezo wote wa kuimaliza. Akakaa kando yake, akawaona majeruhi kupitia matundu ya bodi, akaisindikiza mpaka baharini, akapiga saluti na kugeuka. Wawili hao walikutana ana kwa ana mwaka 1990. Nawaomba mfikirie mchezaji anayerudi na ndege iliyochakaa, risasi zimekwisha, na ghafla kivuli kinatanda upande wake wa kulia. Anageuka, anamwona rubani wa upande wa pili akimtazama, na hajui atafanyiwa nini. Hakuna mlipuko wowote mnaoweza kuuchora utakaomkausha mate mchezaji kuliko dakika ile ya kungoja.

Sisemi kwamba kila adui awe na huruma. Jambo hilo likitokea mara moja katika kampeni tatu, linatosha. Ninachosema ni kwamba adui awe na sababu za kufanya anayoyafanya. Ndege za Ujerumani aina ya Bf 109 zilizosindikiza washambuliaji hadi London mwaka 1940 zilibakiwa na mafuta ya kupigana kwa dakika chache tu kabla ya kulazimika kurudi. Kama adui wangu wa kompyuta angekuwa na mafuta yanayopungua kweli, ningejifunza kumchelewesha, naye angejifunza kuniacha katikati ya pambano, na mimi nibaki nikijiuliza kama amekimbia au amekwenda kunizunguka. Awepo pia kijana mgeni anayefyatua risasi akiwa mbali mno kwa woga, na awepo mkongwe asiyegeuka kabisa kupambana, anayepita mara moja kutoka upande wa jua na kupotea, mpaka kikosi chetu kianze kumtambua kwa namna anavyoshambulia na kumwogopa kabla hatujamwona.

Juu ya marubani hao awepo kamanda anayejifunza. Mapema mwaka 1967 huko Vietnam, kikosi cha Robin Olds, kamanda wa Kimarekani, kilipanga mtego ulioitwa Operesheni Bolo. Ndege za F-4 Phantom, zenye uwezo wa kupambana angani, ziliruka kwa njia, mwendo, mpangilio na majina ya redio ya F-105 zilizobeba mabomu, ambazo MiG, ndege za kivita za Vietnam ya Kaskazini, zilikuwa zimezoea kuzishambulia. Tarehe 2 Januari MiG-21 zilipanda juu ya mawingu zikitarajia mawindo mepesi, na Wamarekani wakadai kuziangusha saba. Miaka 32 baadaye mwindaji akawa mwindwa: tarehe 27 Machi 1999, betri ya makombora ya Yugoslavia iliyoongozwa na Zoltán Dani, ikitumia mfumo wa S-125 wa kutungulia ndege uliobuniwa miongo mingi nyuma, iliiangusha F-117, ndege ya Marekani ambayo ilitengenezwa isionekane kwenye rada. Askari wake waliwasha rada kwa sekunde chache tu kila mara, kisha wakazima, na walihamahama ili wasipatikane. Katika matukio yote mawili upande mmoja ulishindwa kwa sababu ulikuwa umezoeleka. Fikirieni basi kampeni inayonitazama mimi. Nikipita bonde lilelile siku tatu mfululizo, siku ya nne nikute mizinga imefichwa chini ya miti. Nikizoea kushambulia kila rada inayowaka, iwekwe ya kunivuta, na ya kweli ikae kimya nyuma yangu. Nikiona kundi la ndege nzito za mizigo zisizo na ulinzi, nisite kidogo na kujiuliza kwa nini zimeachwa peke yake.

Naomba hapa nieleweke vizuri, kwa kuwa najua baadhi yenu mtasoma neno “mshangao” na kufikiria kete. Mshangao ninaouomba si wa kete. Injini inayozimika kwa sababu programu imechagua namba kwa bahati humkasirisha mchezaji, na ana haki ya kukasirika. Mshangao wa kweli una sababu ambayo mchezaji anaweza kuigundua baadaye na kujipiga paji la uso. Injini ya Merlin katika Spitfire za mwanzo ilikatika rubani aliposukuma fimbo mbele kwa nguvu, kwa sababu kabureta yake ilikosa kupeleka mafuta sawasawa ndege ilipozama ghafla, wakati Bf 109, yenye mfumo wa kupulizia mafuta moja kwa moja kwenye injini, ilizama bila shida. Mhandisi Beatrice Shilling alipunguza tatizo hilo mwaka 1941 kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu. Katika vita vya Falklands mwaka 1982, mabomu kadhaa ya Waajentina yalizipiga meli za Uingereza na kutolipuka, kwa kuwa marubani, wakikwepa makombora, waliruka chini sana kiasi kwamba viwashio vya mabomu havikupata muda wa kujitayarisha. Rubani alifanya kila kitu kwa ujasiri, akalenga sawasawa, akapiga, na bado meli ikabaki inaelea. Mchezaji atakayepatwa na hilo atakwenda kusoma, ataelewa, na kesho ataruka juu kidogo akijua anaongeza hatari ya kuonekana. Huo ndio mtindo wa mambo ninaoutamani: sababu ikiwepo, hata kushindwa kunakuwa na utamu wake.

Kwa misingi hiyohiyo, kila ndege iwe na tabia yake. Naongea juu ya ndege moja moja zenye namba zake mkiani, kwa kuwa aina za ndege mmeshazitofautisha vizuri. Fundi wa kikosi anieleze kabla sijapanda kwamba hii ya leo inavuta upande wa kushoto tangu ilipotengenezwa bawa, na kwamba geji ya mafuta ya tangi la nyuma si ya kuaminiwa. Nikiitumia vibaya injini Jumatatu, nilipe Alhamisi, au alipe mwenzangu atakayepewa ndege hiyo, jambo ambalo ni zito zaidi. Kioo kifunike ukungu nikishuka kwa kasi kutoka kwenye baridi ya juu kuingia kwenye hewa yenye unyevu. Mwili nao uchoke. Michezo kadhaa tayari inaonyesha giza linavyoingia pembeni mwa macho rubani akikata kona kali, na hilo ni jema. Lakini kona ya tano haipaswi kuvumilika kama ya kwanza, na sauti ya pumzi yangu ndani ya barakoa inapaswa kunieleza hivyo kabla macho hayajanieleza.

Wachezaji wanaotumia miwani ya uhalisia pepe watasema kwamba wao tayari wamo ndani ya ndege. Nawaelewa, nami nimeivaa. Lakini miwani hubadilisha ninachokiona, haibadilishi ninachokitarajia.

Najua hoja zitakazotolewa mezani. Ya kwanza ni kwamba wanaoshindana mtandaoni wanataka usawa, na ukungu wa habari utawaudhi. Basi waachiwe uwanja wao kama ulivyo. Ombi hili ni la kampeni za mchezaji mmoja na za vikundi vinavyocheza pamoja dhidi ya kompyuta. Ya pili ni gharama, na hiyo siipuuzi, kwa kuwa chumba cha rubani kinaonekana kwenye picha za matangazo ilhali kamanda anayejifunza haonekani. Hata hivyo kumbukeni simuleta ya Falcon 4.0 ya kampuni ya MicroProse, iliyotoka mwaka 1998 kwa kompyuta ambazo leo zingeshindwa na simu ya mkononi. Kampeni yake katika rasi ya Korea iliendelea iwe umeruka au umelala. Vifaru vilisogea, viwanja vya ndege vililipuliwa na kutengenezwa, na misheni yako ilikuwa uzi mmoja katika kitambaa kikubwa. Ilitoka na kasoro nyingi za kiufundi, lakini wapenzi wake wameendelea kuirekebisha kwa zaidi ya miaka 20, na toleo lao la Falcon BMS linachezwa mpaka leo. Hawakuishikilia kwa ajili ya uzuri wa picha. Waliishikilia kwa sababu hakuna siku mbili zilizofanana ndani yake.

Kama bajeti ya mwaka huu inaruhusu jambo moja tu, naomba lianze hili: waondoeni marubani wanaozaliwa kilimani. Kila ndege ya adui iwe imepaa kutoka uwanja fulani, kwa amri fulani, na mafuta ya kiasi fulani, na yeyote atakayenusurika atue mahali fulani na kuruka tena kesho, akikumbuka yaliyompata. Sihitaji kuonyeshwa hayo yote. Inanitosha kujua kwamba nitakapovuka mto ule mara nyingine, kama kilima cha kushoto kitakuwa kitupu, kuna mtu mahali fulani aliyeamua kiwe kitupu, na sina budi kuanza kumtafuta.

Wenu kwa heshima,
Mchezaji wenu wa miaka mingi